Bi Kelele wa Moscow kachapwa Nasser Road: nyota tatu na nusu

Nianze na bei za duka lililonichapia mabango, maana najua wengine mtasoma mpaka hapo tu. Karatasi nzito ya gramu 300, ukubwa wa A1, rangi upande mmoja na plastiki juu yake: shilingi 28,000 moja, nami nilichukua 5. Turubai la kutundika juu ya mlango, mita 2 kwa mita 1 na nusu: 75,000. Fundi wa kompyuta kwa kuichora picha upya: 40,000, baada ya yeye kuanzia 100,000 na mimi kuanzia 20,000, na kila mmoja kuapa kwamba mwenzake anataka kumuua kwa njaa. Jumla 255,000, boda boda ya kurudi na mzigo mbali.

Nyota nawapa tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya mtu mmoja, nitamfikia.

Duka liko Nasser Road, hapa Kampala. Asiyeujua mtaa huu aelewe kwamba kila kitu kinachochapika kinachapwa pale: kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za misikiti na za parokia, lebo za maji ya chupa, picha za Gaddafi akiwa kavalishwa sare ambayo hakuwahi kuivaa, mabango ya wagombea, na, kwa utani wa mji mzima, shahada za vyuo ambavyo mwenye shahada hajawahi kuliona geti lake. Mtu akijisifu mno kwa usomi huulizwa alihitimu Nasser Road mwaka gani.

Jina la duka silitaji. Nina malalamiko, na kumtangaza mtu kwa malalamiko naye hayupo kujibu si uungwana niliolelewa nao. Anayelitaka aje kibandani kwangu, nitamwelekeza kwa kidole.

Kibanda chenyewe kiko Old Kampala, chini ya kilima cha msikiti mkubwa. Nauza vitabu vya Kiswahili. Miaka kumi nyuma ungenicheka. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na hakuna aliyeshtuka; watu waliendelea kukiona lugha ya askari na ya wezi, ukikisema kwenye taksi abiria wanakumbatia mikoba. Lakini Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima, wazazi walewale wakaanza kuniulizia kamusi. Kasoro yangu ilikuwa moja: kibanda kilikuwa na ubao na chaki. Mvua ikinyesha, mimi siuzi kitu, maana hakuna anayejua nauza nini.

Bango nililolitaka nilikuwa nalo tangu utoto. Marehemu baba alisomea uhandisi Moscow, kwenye kile chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba, kuanzia 1970 hadi 1977. Alirudi na koti zito lisilovalika Kampala, pasi ya umeme yenye uzito wa mtoto mchanga, na ukurasa mmoja alioukata kwenye jarida la picha. Kwenye ukurasa huo kuna mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, kiganja kakiweka kando ya mdomo kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto, na mdomo umefunguka mpaka meno yanahesabika. Mdomoni inatoka pembetatu iliyolala kama tarumbeta, na ndani yake herufi za Kirusi zinazokua kadiri zinavyokwenda mbali naye: KNIGI. Vitabu! Maneno ya chini, baba alitutafsiria, ni "katika matawi yote ya elimu", na pembeni ni jina la shirika la serikali la kuchapisha vitabu, tawi la Leningrad.

Sisi watoto tulimwita Bi Kelele. Alibandikwa jikoni. Mama, mtu wa Mombasa, alimsoma kama anavyosoma leso: picha katikati, neno lake, na ole wake anayelengwa. Chini ya ukurasa walitaja jina la msanii, Rodchenko, na mwaka, 1924. Jina la mwanamke halikuwapo. Baba alidhani ni mfanyakazi wa kiwandani. Nimekuja kulijua jina hilo baba akiwa keshazikwa: Lilya Brik.

Basi nikaenda na ukurasa wangu kwenye bahasha ya khaki. Fundi wa kompyuta ni kijana wa Bukavu. Aliuskani ukurasa, akaukuza mpaka uso ukajaa skrini, akautazama kwa heshima, akaniuliza:

"Mama, huyu anagombea wapi?"

Ilikuwa msimu wa kampeni, simlaumu. Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa wagombea, wote wamenyoosha vidole juu. Nikamwambia hagombei kitu, alikufa zamani.

"Ah, pole mama. Basi ni ya matanga." Akaanza kulitafuta faili lenye mishumaa na maua.

Kabla sijamzuia umeme ukakatika. Jenereta ilikuwapo, mafuta hayakuwapo. Mtoto katumwa na dumu. Tukakaa gizani watu wanne: mimi, fundi, Haji mwenye duka, na dada mmoja anayekunja kadi za harusi kwenye meza ya mlangoni ambako mwanga unaingia. Haji akasema, haya, Hajati, tueleze huyo mgeni wako ni nani, maana hapa tutakesha.

Nikawaeleza. Amezaliwa Moscow mwaka 1891, binti wa wakili, familia ya Kiyahudi. Akaolewa mwaka 1912 na Osip Brik, kijana aliyesomea sheria. Julai 1915, nao wakikaa Petrograd, mdogo wake Elsa akawaletea nyumbani mshairi wa miaka 22, pande la mtu lenye sauti ya adhana, Vladimir Mayakovsky. Yule bwana akasimama mlangoni akasoma shairi refu alilolitunga kwa maumivu ya mwanamke mwingine kabisa. Alipomaliza akachukua daftari akaandika juu yake kwamba ni la Lilya. Kisha Osip, mume, akatoa pesa zake kulichapisha, kwa sababu hakuna mchapishaji aliyelitaka.

Haji akakohoa. "Mume akalipia uchapaji wa shairi la mwanamume mwingine kwa mkewe?"

"Ndiyo, Haji. Nakala 1,050."

"Elfu na hamsini." Akanyamaza kidogo, nikadhani anawaza maadili. "Hamsini za juu ni za kufidia zitakazoharibika. Huyo mchapaji alikuwa anajua kazi."

Nikaendelea. Miaka michache baadaye wakawa wanaishi nyumba moja wote watatu. Haji akasema astaghfirullah, lakini hakuondoka kitini. Nilimweleza kwamba kuanzia 1926 walikuwa na nyumba yao uchochoro wa Gendrikov, Moscow, vyumba vinne vidogo, na mlangoni kibao cha shaba kimeandikwa majina mawili, Brik na Mayakovsky, moja juu ya jingine.

"Shaba ya kuchonga au ya kugonga?" akauliza Haji. "Siku hizi tunatumia akriliki." Halafu: "Na kodi ya nyumba alilipa nani?"

Kwa sehemu kubwa mshairi ndiye aliyeleta pesa. Na si za kodi tu: mwaka 1928 alipokwenda Paris, Lilya alimwagiza gari, kama mke wa hapa anavyomwagiza mtu wa Dubai, na maelekezo juu kwa barua. Renault ikaja. Akaiendesha mwenyewe, wakati Moscow wanawake wanaoshika usukani ni wa kuhesabu.

"Basi mshairi ndiye mjinga," Haji akahukumu, na kesi kwake ikawa imekwisha.

Fundi hakuwa ameridhika. Alikuwa anauliza kitu kingine: huyu mama alifanya kazi gani? Maana mpaka hapo, alisema, naona anapendwa tu. Ni swali zuri kuliko maswali ya wasomi wengi. Vitabu vinamwita kwa neno moja, yule anayempa msanii ilhamu, kana kwamba alikuwa dirisha la kupitisha upepo. Kwetu ningesema mtungiwa. Mtungiwa katika mashairi yetu anajulikana kwa macho, shingo na mwendo. Hata siku moja hasemi. Sasa huyu hapa kwenye picha anafanya nini? Anapiga kelele.

Kwa hiyo nikamweleza fundi kazi. Kati ya 1919 na 1921, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, karatasi hakuna na mitambo ya uchapaji haitoshi, shirika la habari la ROSTA lilikuwa linatoa mabango ya kubandikwa kwenye madirisha ya maduka matupu. Mayakovsky alichora na kuandika maneno yake. Nakala zilitolewa kwa mkono, kwa kukata umbo kwenye kadibodi na kupitisha rangi juu ya tundu lake, moja baada ya nyingine. Mmoja wa waliokuwa wakizijaza rangi hizo alikuwa Lilya.

Dada wa kadi za harusi akaacha kukunja. "Kumbe ni mwenzetu," akasema. Hakusema neno jingine mpaka umeme uliporudi, lakini nilimwona akiutazama ukurasa wa baba kwa jicho jingine, jicho la kukagua kingo.

Nimerefusha hapa kwa makusudi. Duka la uchapaji linapimwa kwa mashine zake, na za pale ni za kawaida tu. Lakini mimi nimeshaingia maduka matatu Nasser Road na moja Nkrumah Road ambako fundi hakuinua hata uso. Hawa walikaa gizani karibu saa mbili wakasikiliza habari za mwanamke wa Kirusi aliyezaliwa karne ya 19. Nyota moja nzima ni ya hilo.

Sasa malalamiko.

Nilirudi baada ya siku mbili kuona sampuli. Fundi alikuwa amefanya kazi nzuri ya herufi, na nitaisema, lakini uso! Alikuwa amempaka. Mikunjo ya pembeni ya macho hakuna, ngozi laini kama ya tangazo la losheni, meno meupe pe, midomo ina wekundu wa harusi. "Nimemsafisha, mama," akasema kwa fahari. Bi Kelele alikuwa amekuwa bibi harusi anayepiga miayo.

Nilipandisha sauti, nakiri. Si hasira ya pesa. Huyu mwanamke kashasafishwa sana. Mayakovsky alijipiga risasi tarehe 14 Aprili 1930, na katika waraka aliouacha kuna maneno "Lilya, nipende". Miaka mitano baadaye vitabu vyake vilikuwa havichapwi inavyopasa na jina lake linafifia. Novemba 1935 Lilya akamwandikia Stalin barua, akalalamika kama mwenye mali anavyolalamika kwa mkuu wa wilaya: vitabu vimekwisha, hakuna kinachofanyika. Stalin akaandika kwa mkono wake juu ya barua ileile kwamba Mayakovsky ni mshairi bora wa zama za Kisovieti na kwamba kutojali kumbukumbu yake ni jinai. Mwaka uleule uwanja mkubwa wa Moscow ukapewa jina la mshairi, mwaka 1938 ikaja stesheni ya treni ya chini ya ardhi, mwaka 1958 sanamu. Baba alipita pale mara ngapi sijui, na kitabu cha Kirusi kwapani.

Lakini ukishaipa serikali mtakatifu, serikali itataka awe safi. Mtakatifu gani huyu mwenye mpenzi mke wa mtu, tena Myahudi, tena aliyevaa vizuri, tena mume wake alifanya kazi polisi ya siri miaka ya 1920? Kuna picha ya 1918 ya mshairi akiwa na Lilya. Baadaye ikachapwa Lilya hayumo. Mtu wa brashi amempitishia rangi, pamebaki mshairi na upweke wake. Mwaka 1972 nyumba ya Gendrikov, iliyokuwa makumbusho tangu kabla ya vita, ikafungwa, na makumbusho mapya yakafunguliwa mwaka 1974 kule Lubyanka, kwenye jengo lenye chumba alichofia peke yake.

Kwa hiyo fundi aliponiambia amemsafisha, nilimwambia kwa Kiswahili cha mama yangu ambacho hakihitaji kutafsiriwa: mrudishie mikunjo yake yote, moja moja, na usimguse jino.

Akacheka, akarudisha. Ana haki ya kucheka, kwa kompyuta ni vidole viwili tu. Lakini somo kwa mteja: sema mapema, kabla hajagusa faili, "uso usiguswe". Nasser Road wanaamini kila uso una deni la unga.

Herufi sasa. Neno la Kirusi lina herufi 5 na mbili kati yake ni pana. VITABU lina 6. Pembetatu ni ileile, haiongezeki, na kila herufi lazima iwe kubwa kuliko iliyotangulia, la sivyo kelele haitoki. Fundi aliijua hesabu hiyo bila kuambiwa. I ni nyembamba, akaibana. T akaitanua mabega. U ya mwisho akaijaza kingo hadi kingo kama mlango wa ghala. V, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote, akaisukuma nyuma kabisa, karibu na mdomo. Kwenye sampuli ilionekana sawa. Ukiitazama vizuri kwenye A1, ncha ya V imegusa meno. Bi Kelele kama anauma herufi. Wengine wanaipenda hivyo. Mimi kila nikiiona ulimi unanikaa vibaya.

Rangi: ya kwanza ilikuwa balaa. Kwenye skrini nyekundu yake ni nyekundu ya kweli. Mashine ikaitoa kama tofali la Kajjansi. Fundi akanieleza habari za wino wa rangi nne na mwanga wa skrini, na maelezo ni ya kweli, lakini kazi ya kunieleza ilikuwa kabla ya kuchapa nakala zote 5. Haji alishaanza kuzizungushia raba. Aliyesimamisha shughuli ni yule dada wa kadi. Alikuja na ukurasa wa baba, akauweka juu ya bango, akasema, "Haji, hii si nyekundu yake." Hakuulizwa. Haji akamtazama, akanitazama, akasema chapeni tena. Hasara ikawa yake. Hiyo ndiyo nusu nyota niliyoisema, na kama ningekuwa na uwezo wa kuikata bahasha ikamfikia mkononi bila kupitia kwa Haji, ningeikata.

Muda: niliambiwa Alhamisi. Nilipata Jumatano iliyofuata. Mashine kubwa ilikuwa imetekwa na mgombea mmoja aliyetaka mabango yake yote kabla ya mkutano, na mgombea hasubirishwi, muuza kamusi husubirishwa. Nilipiga simu mara tano. Mara nne niliambiwa "tunamalizia". Nyota moja imekwenda hapo.

Na turubai. Turubai ndilo lililonitia kicheko, ingawa nililipia. Maneno ya chini tuliyapanga mistari miwili: KATIKA MATAWI YOTE, kisha chini yake YA ELIMU. Aliyeshona pindo na kupiga matundu ya pete hakujua kusoma ramani ya kazi, akalikunjia pindo juu ya mstari wa pili. Nililitundika asubuhi na haraka, sikuona. Mteja wa kwanza akaingia, baba mtu mzima mwenye mkoba, akaniamkia, akauliza: "Hayo matawi mengine yako wapi? Mimi nakaa Ntinda, pengine kuna la karibu." Wa pili akauliza kama tuna tawi Jinja. Wa tatu, kijana, hakujali matawi. Aliuona mdomo akaulizia maikrofoni. Mpaka saa sita mchana nilikuwa na matawi Jinja, Mbale na Arua, na kibanda ni hiki kimoja kisichotosha viti viwili.

Walilifumua pindo bure, siku ileile, bila maneno. Hilo nawapongeza. Plastiki ya nakala mbili za karatasi imeanza kutoa malengelenge baada ya mvua ya wiki jana. Haji anasema ni kosa langu kuzibandika nje, na kwa kuwa alinionya, nalimeza.

Mauzo? Sitawadanganya kwamba bango limenitajirisha. Ila watu wanasimama. Kabla ya hapo walikuwa wanapita. Wanamama wa Kinubi wakitoka sokoni wanamwita "yule wa kitambaa". Watoto wa shule wanaiga mkono wake. Jamaa mmoja kaniuliza kama ni muumini kwa kuwa kajifunga kichwa, nikamwambia alikuwa Myahudi wa Moscow, akafikiri, akasema hata hivyo kajisitiri.

Kitu kimoja kimenikaa tangu siku nilipolitundika. Baba aliondoka Moscow mwaka 1977. Lilya alikuwa hai mwaka huo, jiji moja naye. Mumewe wa kwanza alishakufa mwaka 1945. Kamanda wa jeshi aliyeishi naye baada ya mshairi, Primakov, alipigwa risasi na serikali mwaka 1937. Dada yake Elsa, aliyekwenda Ufaransa akaandika kwa Kifaransa hadi akapata tuzo ya Goncourt, mwanamke wa kwanza kuipata, alishazikwa mwaka 1970. Yeye bado alikuwapo, na majina mazito ya Paris wakimtembelea. Mwaka 1976, baba akipanga foleni ya viatu vya baridi, Bi Kelele alikuwa akitimiza miaka 85 ndani ya gauni alilotengenezewa na Yves Saint Laurent. Ukurasa ulikuwa tayari kwenye sanduku la baba, au karibu kuingia. Wangepishana barabarani asingemjua, maana aliyemjua ni msichana wa kitambaa wa 1924, na hakuna aliyeandika jina chini.

Agosti 1978, akiwa amevunjika nyonga na hataki kuwa mzigo, alimeza vidonge akafa. Majivu yake yalimwagwa kondeni nje ya Moscow, na palipo na jiwe, jiwe limechongwa herufi tatu tu za jina lake, L, Yu na B. Ni zilezile alizochongewa na Mayakovsky kwenye pete: ukizisoma kwa kuzunguka bila kituo, kwa Kirusi zinatoa "lyublyu", napenda. Nilitaka nifanye mchezo huo kwenye stika ya duara ya kibanda, nikajaribu kwa herufi za jina langu. Ilitoka kitu kama jina la dawa ya minyoo. Nikaacha.

Kwenye nakala zangu zote 5, pembeni palipokuwa na jina la shirika la Leningrad, niliweka jina la kibanda, na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo fundi alitaka kuziondoa kwa kuwa "zinachafua", nimeandika: Mwanamke: Lilya Brik. Picha: Rodchenko, 1924. Fundi akaniuliza kama naye anaweza kuandika lake. Nikamwambia andika. Akafikiri sana, akaandika "Nasser Road" tu.

Kwa anayekwenda: nenda asubuhi kabla ya saa nne, mashine ikiwa haijashikwa. Dai sampuli kwenye karatasi ileile utakayochapia, usikubali ya bondi nyepesi. Lipa nusu. Turubai lifungue lote palepale dukani, usome mpaka mstari wa mwisho kwa sauti. Na kama dada wa kadi yuko mlangoni, mwonyeshe kazi yako kabla hujamwonyesha Haji.

Mimi narudi Jumanne kuchukua stika 200. V nimewaambia waisogeze milimita mbili nje ya meno.